Jicho la Kulia, Mlango wa Tatu

Ilikuwa Jumanne, zamu ya mlango wa tatu.
Nainama kuinua ubao, naona nusu ya shamba la mpunga.
Nusu ya chini haipo. Si giza,
giza ningelijua. Ni kama mtu
amekunja upindo wa shuka akaondoka nao.

Daktari Tusekile, Mbeya mjini,
baridi ya Loleza ikipenya dirishani,
akanitia dawa ya kupanua mboni,
akapiga picha, akanigeuzia skrini:
chungwa lililoiva, na juu yake mito.
"Huu hapa." Kidole chake kikasimama.
"Umesinyaa. Damu inachuruzika tu."

Mimi ni mgawa maji, Igurusi, mwaka wa kumi na tisa.
Hilo halikuhitaji mkalimani.
Mfereji ukisinyaa najua nani hulia kwanza:
wa mkiani.

Nikauliza nililozoea kuuliza:
"Na walinzi? Huko ndani kuna walinzi?"
Akacheka kidogo. Wapo, akasema.
Chembe ndogo zenye mikono mingi, matawi juu ya matawi,
kutwa kucha zinapapasa jirani,
huyu mzima, yule mzima, hodi, hodi,
na taka za jana zinazizoa kimya kimya.
Damu ikipungua, zinanusa.
Zinakunja mikono.
Zinavimba, zinakuwa duara, zinatembea,
zinapiga mbiu hadi wenzao waje kutoka mishipani,
na zinakula.
"Zinakula nini?"
"Chembe zilizokufa."
Kisha, akiandika, bila kunitazama:
"Na zilizochoka tu."

Nikashika ukingo wa kiti.

Mwaka ule Mkoji ulibaki mawe na vyura
tulikuwa sungusungu kumi na wawili.
Jina la mdudu, na tuliling'ata jina letu.
Kabla ya ukame tulizunguka na tochi na utani,
tukijua nani ana homa, ng'ombe wa nani kazaa.
Maji yalipokatika tukaacha kupiga hodi.
Usiku mmoja tukamkuta Ndele, wa kwa Mwashambwa,
amepiga magoti kwenye mlango wa tatu.
Hakuna aliyemuuliza kitu.
Kulipokucha ndipo tukaona alichokumbatia:
furushi la magugu
aliyoyang'oa yakiziba lango.

Anatembea. Mguu mmoja unaburuta.
Ananisalimia. Hiyo ndiyo shida yangu, ananisalimia.

Haya sikumwambia daktari. Nilimwambia tu:
fungulia basi, yarudi.
Akatikisa kichwa. "Taratibu.
Damu ikirudi kwa kishindo nayo huunguza."
Kweli. Mara ngapi nimenyanyua ubao kwa pupa
nikaliona tuta linakwenda na miche yake?

Akanipima presha, akanipapasa mshipa wa shingo,
akaandika vidonge, cha asubuhi, cha usiku.
Kilichokufa hakichipui, akasema,
tulinde cha kushoto.

Nimeshafika mlangoni nikageuka.
"Na wale walinzi. Mkondo ukitengemaa,
wanakunjua mikono?"
Akafikiri. Nilipenda kwamba alifikiri.
"Baadhi," akasema. "Wengine hubaki hivyo hivyo,
miezi, hata pakishatulia,
wakitafuta wa kumla."

Jumanne tena. Ukungu bado uko Uporoto,
huku bondeni jua limeshauma.
Nageuza shingo nzima kama kuku
ili niione miguu yangu.
Kuna mtu ng'ambo ya mfereji. Simwoni,
yuko ndani ya ile nusu yangu isiyokuwepo,
ila namjua kwa mlio:
hatua, kisha mburuto. Hatua.

Nimeinua ubao mmoja tu. Maji yanapita kwa sauti ya mtu anayekunywa.
Ndele, naita.
Anasimama.
Na mimi, niliyekuja na maneno tangu Mbeya,
nimenyoosha mkono gizani, vidole vimekunjuka,
sijui kama ndiko aliko.